Kiti cha Kushoto

Mpaka leo fundi Mashimba wa Mabatini hawezi kueleza kifundi kwa nini gari lile lilivuta pande zote mbili. Gari lenye bushi mbovu huvuta upande mmoja, uende uendako. La Mwalimu Kokugonza, likitoka Mkolani kwenda mjini, lilivuta kushoto. Likirudi, lilivuta kulia. Safari zote mbili, huko ndiko liliko ziwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umebadilisha bushi, umebadilisha shokapu. Nimebaki mimi tu wa kubadilishwa."

Mashimba hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, akipima nafasi iliyopo juu ya tairi la mbele.

"Kulia vidole vinne. Kushoto viwili, na springi ni mpya." Akashusha sauti. "Mwalimu, kushoto kuna mtu amekaa."

Kokugonza alijua. Muganyizi, mumewe, alizama na mtumbwi miezi saba iliyopita, na mwili haukuonekana. Tangu hapo kiti kile kilinuka matope mabichi. Kila walipomkaribia trafiki, kifungo cha mkanda kililia: kachi. Ndivyo alivyokuwa Muganyizi. Hafungi mkanda mpaka aone sare nyeupe. Kokugonza hakumwambia mtu. Nyumbani alipika kikombe kimoja cha mchele na kula amesimama. Ndani ya gari tu ndimo alimokuwa na mwenzake.

Alasiri ile, akirudi, alikuwa akikisimulia kiti mambo ya shule. Barabara ilipokaribia maji kikasikika kachi, na trafiki hakuwepo; ulikuwa mkanda wake yeye, umejikaza kifuani, na stelingi ikaanza kuzunguka kulia chini ya viganja vyake, taratibu, kama kwamba mikono mingine, ya baridi na yenye majimaji, imeshika juu ya yake, na gari likakatiza barabara, likaiacha lami, likashuka majanini bila haraka, kama linakwenda kwao, mpaka likagota jiwe na kuzimika, hatua kumi kutoka ziwani.

"Si wewe," alinong'ona. Muganyizi hakuwahi kumlazimisha kitu, hata kula.

Alimpigia Nestory, mdogo wa marehemu, huko Muleba.

"Shemeji, kabla hatujazika mgomba, nani alikwenda ufukweni kumwita?"

Katika ukoo wao, aliyepotelea majini huitwa kwanza pale alipozama, ndipo shina la mgomba huzikwa badala yake.

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema Nestory. "Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda."

"Basi kaka yako hajafika nyumbani. Na kuna kitu kimekalia nafasi yake."

Ukoo ulikubaliana: mgomba ufukuliwe, Muganyizi aitwe, kisha lizikwe shina jipya. Na mwitaji akishaita asigeuke nyuma, hata akiitikiwa.

Kule Muleba Nestory alifukua, akasubiri simu kando ya kaburi. Mashimba alifungua nati nne za kiti cha kushoto. Kitupu vile, kilibebwa na wanaume watatu mpaka ufukweni, pale alipozama Muganyizi, kikaachwa huko. Kuita walimwachia mke.

Kokugonza alisimama majini mpaka vifundoni, akaita mara tatu, akalipa ziwa mgongo.

"Koku," sauti ikasema nyuma yake, ile ile ya mezani na kitandani. "Nisubiri."

Alitembea akilia, hakugeuka. Akampigia Nestory azike shina jipya, akawasha gari. Stelingi ilitulia katikati njia nzima mpaka Mkolani. Hakukuwa tena na wa kuvutana naye.