Mwanamke wa Kwenye Kibanda cha Jebel Ali

"Usinikumbatie!"

Kasian alibaki mlangoni mikono imetanuka, kama mtu anayepimwa suti.

"Rosi, nimetoka Jebel Ali mpaka Al Nahda kukufuata. Hata kidogo?"

"Salamu ya mkono inatosha. Uso usiguse."

Kasian hakuwa mtu wa salamu za mkono. Alichungulia korido, akaona haina mtu, akamvuta. Walipoachana, kwenye kifua cha shati lake jeupe palikuwa na uso. Si doa, ni uso: paji, shavu, ncha ya pua na nyusi moja ya kushoto.

Wote wawili waliutazama kwa heshima anayostahili marehemu.

"Nyusi yako hii," alisema Kasian kwa upole. "Niondoke nayo au nikurudishie?"

Rosina alipiga ukelele, akakimbilia bafuni na kujifungia.

Siku ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko kule Uarabuni walikokuwa wakifanya kazi, na haikuwa Ijumaa ya mchezo. Mama yake Kasian alikuwa ameshuka kutoka Kibosho mpaka Moshi mjini, amekaa kwenye kafe ya intaneti, anasubiri kumwona mchumba wa mwanawe kwa kamera ya kompyuta. Akimkubali, barua ya posa ingekwenda Muheza kwa wazazi wa Rosina. Asipomkubali, Kasian alishasema, yeye hajawahi kushinda kesi yoyote mbele ya mama yake.

"Fungua, shoga!" Khairunisa, binti wa Mombasa aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, aligonga mlango. "Nami nataka choo!"

"Nachora nyusi!"

"Si ulikuwa na zako? Ulizinyolea nini, zilikukosea?"

"Niazime wanja wako."

"Sikupi! Mara ya mwisho tuliposhiriki wanja, sote wawili tuliamka macho mekundu, yamevimba kama tumelizwa na mume mmoja."

Rosina aliutazama ukuta wa vipodozi juu ya sinki. Pale mbele, kwenye kiti cha enzi, lilikaa kopo la mkorogo. Ndani yake mlikuwa na krimu tatu zisizojuana, zilizokutanishwa na mama mmoja wa Sharjah aliyeapa kwamba weupe ungefika kabla kopo halijaisha. Weupe ulifika. Ulifika usoni peke yake, ukaishia kwenye taya kama msafiri aliyenyimwa viza. Masikio yalikataa. Vidole vilikataa, na penye maungio vikawa vyeusi zaidi, kwa ubishi tu.

Mkorogo ulipoanza kuchubua, Rosina alipaka limau. Limau lilipowasha, akapaka dawa ya meno kwenye vipele. Vipele vilipoongezeka, akasugua kwa sukari. Kisha akavifunika vyote kwa fandesheni ya rangi ya unga wa sembe, akalala nayo, akaamka, akaongeza nyingine juu.

Na huyu, msomaji, alikuwa mfanyakazi wa dobi! Wateja walimjua kwa ukali. Ungemletea shati la rangi ukamwambia atie jiki, angekusomea lebo ya kolani mpaka uone aibu. Uso wake tu ndio haukushonewa lebo.

"Shoga," Khairunisa alishusha sauti nyuma ya mlango. "Bado ni kwa ajili ya yule mwanamke?"

"Ni kwa ajili yake."

"Kwa nini humuulizi Kasian?"

"Nimuulize ili anijibu?"

Mambo yalianza siku Rosina alipomfuata Kasian kazini bila taarifa, na hotipoti ya pilau. Kasian alikuwa mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Askari mwenzake alimzuia getini, akamwambia Kasian yuko doria nyuma ya ghala, asubiri ng'ambo ya barabara. Rosina alisubiri, na macho yake hayakuwa na kazi nyingine. Yakaenda kwenye kibanda cha kioo. Juu ya kiti cha Kasian, kwenye kioo, palikuwa na picha ya mwanamke. Mweupe! Mweupe wa kung'aa. Na kichwani amefunga kitambaa fundo mbele, fundo limesimama kama sikio la sungura, vilevile Rosina anavyofunga.

"Hata kilemba kaniiga, mwizi mkubwa!" alimwambia Khairunisa jioni ile, huku akilila lile pilau mwenyewe.

Wiki iliyofuata akanunua kopo.

*

Kafe ya intaneti ilikuwa chini ya jengo. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Fandesheni ya Rosina ilianza kujadiliana na jasho.

Siku zile picha ilipita kwenye kompyuta na sauti kwenye simu, na hazikufika pamoja. Kasian aliweka simu mezani, spika wazi.

"Haloo! Kasian! Nakuona! Umekonda!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kifuani kwako kuna mtu?"

Kasian alifunika shati kwa mkono. "Ni doa, mama. Huyu hapa Rosina."

"Shikamoo, mama," Rosina alisema, akasogea kwenye kamera na tabasamu alilolifanyia mazoezi.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja picha ifike."

Picha ilichukua muda. Rosina alihesabu mapigo ya moyo wake, akapoteza hesabu.

"Kasian," sauti ya mama ilirudi, imebadilika.

"Naam."

"Huyu mzungu ni nani?"

"Ni Rosina, mama."

"Na hiyo mikono nyeusi ni ya nani? Kuna mtu kakaa nyuma yake?"

"Ni yangu, mama," Rosina alisema kwa sauti ndogo. "Ni mtandao. Mtandao wa huku unaongeza weupe."

"Mtandao umeuchagua uso, ukaruka masikio?"

Kasian alikohoa. Wanja ukaanza safari kwenye shavu la Rosina, taratibu, bila aibu.

"Sikilizeni," mama alisema. "Mimi nimefunga duka nikashuka mlima. Nilitumiwa binti mwingine kabisa. Huyo ndiye nimemwonyesha padri, huyo ndiye nimewaringia majirani. Ngojeni niwaonyeshe."

Kwenye kompyuta alionekana akifungua mkoba, akitoa Biblia, na ndani ya Biblia picha. Akaishika mbele ya kamera.

Picha ilishuka kipande kwa kipande. Kwanza kitambaa, fundo mbele, limesimama kama sikio la sungura. Kisha nyusi mbili nene. Kisha uso mweusi unaong'aa kwa mvuke wa pasi, mdomo wazi katikati ya wimbo.

Rosina aliisogelea kompyuta.

"Kasian. Hii ulinipiga lini?"

"Siku ile nilipoleta sare zetu dobi. Ulikuwa unapiga pasi unaimba, hukuniona. Ndiyo siku niliyo..." Alimtazama mwenye kafe, akaona haya. "Nilichapisha mbili. Moja ya mama, moja ya kibandani."

"Ya kibandani ni ya mwanamke mweupe!"

"Rosi, ya kibandani ni wewe."

"Mweupe, nimemwona kwa macho yangu, siku niliyokuletea pilau nikangojeshwa nje!"

"Kibanda ni cha kioo! Jua la Jebel Ali linapiga asubuhi mpaka jioni. Limekula rangi ya kofia yangu, limekula rangi ya kiti, limekula na wewe."

Kila wiki Rosina alimrudishia mteja fulani mapazia yaliyopauka, akimwambia, "Madam, si sisi, ni jua." Aliyasema kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa vidole. Leo maneno yale yalimrudia yote.

"Kwa hiyo," Kasian alianza polepole, "ulikuwa unamwonea wivu..."

"Usimalizie."

"...wewe mwenyewe?"

"Nimemtukana miezi yote hii, Kasian. Nimemwombea apate harara."

"Na harara ikafika kwa mwenyewe," sauti ilisema kutoka kwenye simu. "Haloo? Bado nawasikia."

Rosina aliinuka. Nyuma ya kafe palikuwa na sinki dogo. Alinawa. Alinawa mpaka maji yakaacha kuwa na rangi, kisha akasimama pale akiushika ukingo, kwa sababu chini ya fandesheni palikuwa na uso ambao Kasian hajawahi kuuona: mabaka mekundu, vipele, na mahali pa nyusi hapana kitu.

Alirudi, akakaa mbele ya kamera bila tabasamu.

"Mama, huyu ndiye mimi. Wa kwenye picha nilimharibu mwenyewe."

Picha ilienda Moshi. Kasian aliusogeza mkono wake chini ya meza, akaushika wa Rosina, penye vile vidole vibishi.

"Inauma?" mama aliuliza.

"Inaungua nikitoka juani."

"Pole, mwanangu. Sasa nisikilize. Simkatai mtu. Ila barua haiendi Muheza mpaka huo uso na hayo masikio vipatane. Nenda kwa daktari. Na hilo kopo, usimgawie mtu, litupe."

"Nitalitupa, mama."

"Na wewe Kasian, mwanamke akikaa nje ya kibanda chako na pilau, mwingize ndani umwonyeshe picha!"

*

Daktari alimwambia aache kila kitu, anawe kwa sabuni ya kawaida, ajikinge na jua, awe na subira. Khairunisa alilitupa kopo kwa koleo, amejifunga mtandio puani. Dawa ya meno ilirudi kwenye meno, limau likarudi kwenye samaki, na Rosina akajifunza kulala na uso wake peke yake. Nyusi zilirudi pia, ya kulia ikitangulia.

Walipokaa tena kwenye kafe ile, joto lilikuwa limeshaisha mjini.

"Sogea," mama aliamuru. "Geuka. Nionyeshe sikio. Na la pili. Weka mkono shavuni."

Rosina alitii kama mwanafunzi kwenye ukaguzi wa kucha.

"Haya," mama alisema. "Vimepatana. Barua inaondoka kesho."

Kasian aliruka, kiti kikaanguka, mwenye kafe akapaza sauti, "Khalas! Yalla, nje!"

Kesho yake, Rosina akiwa kwenye pasi, simu ilitetemeka. *Picha mpya nimeibandika. Nimeiweka kivulini.*

Akajibu: *Na ile ya zamani?*

*Ipo.*

*Itupe. Simtaki yule mwanamke.*

*Siwezi, Rosi. Ameungua jua kwa ajili yangu.*

Rosina alicheka mpaka nyusi zikapanda, zote mbili, na safari hii hakuna iliyobaki kwenye shati la mtu.