Majaruba Yaliyogeuka Mto

Kila mpunga ulipoanza kukomaa, baba na mama yake Digna walihamia shambani Michenga, wakawa wanalala dunguni, juu ya kichanja cha miti, na kuamia ndege. Digna alibaki Mlabani kwa shangazi yake Konsolata, mchora ramani. Shule asubuhi, shule mchana, jioni kuchota maji na kuosha vyombo. Ijumaa ile alikuwa hoi.

"Mwanangu, nisaidie kwenye kompyuta," alisema shangazi, naye macho yamemwiva kwa uchovu. "Mkutano wa kupitisha ramani ya Michenga ni kesho."

Kazi hiyo Digna aliijua. Ramani ilikuwa viboksi vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake: moja nyumba, mbili shamba, tatu maji. Lakini picha ilipigwa kutoka angani wakati wa masika, majaruba, vile vitalu vya mpunga, yamejaa maji, na kompyuta haitofautishi maji ya mpunga na maji ya mto. Ilibidi kuangalia eneo kwa eneo. Maji ya mto yapewe namba tisa, yaani hapalimwi. Maji ya majaruba yarudishwe namba mbili.

Alifanya maeneo machache, shingo ikamuuma. Basi akaandika amri moja tu: kila tatu iwe tisa. Akabonyeza, na kazi ya jioni nzima ikaisha kufumba na kufumbua.

"Umeyaangalia majaruba yote?" shangazi aliuliza.

"Yote, shangazi."

Kesho yake walikwenda Michenga, ramani ikatundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Karibu mashamba yote ya mpunga yalikuwa buluu, rangi ya namba tisa. Mzee Salvatory, jirani yao wa shambani, alisogea akaikodolea macho, kisha akamgeukia shangazi.

"Mama mtaalamu, mwaka huu tunavuna mpunga au kambale?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Mkutano ukiipitisha ramani, palipopakwa buluu hapatalimwa tena. Mama yake Digna alilitafuta shamba lake kwa kidole, asilione.

"Tumekesha dunguni msimu mzima," alisema kwa sauti ndogo, "halafu tufukuzwe?"

Shangazi alisimama, aibu imemjaa. "Wazee wangu, ni kosa langu."

Digna hakuweza kuvumilia. "Si lake, ni langu," alisema huku machozi yakimtoka. "Sikuyaangalia majaruba. Nilichoka, nikamdanganya shangazi."

Shangazi hakugomba. Alifungua kompyuta, akatoa ramani ya awali aliyokuwa ameihifadhi, akamsogezea Digna kiti. Wakulima walikuja mmoja mmoja kuonyesha mashamba yao, naye Digna akabadilisha namba eneo kwa eneo mpaka mgongo ukakakamaa. Jua lilipoinama, mto ulikuwa mto na mashamba yalikuwa mashamba. Mkutano ukaipitisha.

Njiani kuelekea shambani, mama alimshika mkono.

"Hata mimi huchoka dunguni, mwanangu. Nikichoka namwambia baba yako apokee zamu. Nikisinzia kimya kimya, ndege wanamaliza mpunga wetu na wa jirani. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuchoka, halafu ukasema umemaliza."

Walipofika chini ya dungu, mama alisimama.

"Na sasa, umechoka?"

"Sana, mama."

"Haya, leo umesema kweli. Panda dunguni ukalale. Ndege wa asubuhi niachie mimi."