Kahawa Inaungua, Mashine Nzima

Kila asubuhi mume wangu hukaanga kahawa jikoni kwa mashine yetu ndogo ya umeme. Tunauza kwa majirani na kwenye mgahawa wa pale kona. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Siku moja mwenye mgahawa alirudisha mfuko mzima.

"Shemeji, hii ni kahawa au makaa? Ikiungua tena, natafuta mtu mwingine."

Makubwa haya!

"Mashine imechoka," mume wangu akasema. "Tununue kubwa."

"Tumwite kwanza jirani yetu fundi umeme," nikamwambia.

Hakunijibu. Aliendelea kufuta mashine, amenipa mgongo. Siku hizo ndivyo alivyokuwa. Nikisema, ananyamaza! Nilikasirika, nikaenda kumwita fundi mimi mwenyewe.

Fundi huyo tunamwita Bwana Polepole, kwa sababu hana haraka na kitu. Alifungua mashine, akatoa makapi yaliyojaa ndani, akapima moto wake.

"Msikimbilie mashine mpya," alisema. "Safisheni hii, msiijaze kupita kipimo, halafu mjaribu tena. Ikishindwa hapo, au wateja wakizidi uwezo wake, ndipo mbadilishe. Haya," akamgeukia mume wangu uso kwa uso, "kaanga nione. Unajuaje kama imeiva?"

"Nasikiliza," mume wangu akajibu. "Buni zikianza kupasuka, nahesabu dakika mbili, nazima."

Tukasimama kusubiri. Punde buni zikaanza: ta! ta! ta! Mume wangu ametulia tuli. Dakika mbili zikapita, zikapita nne. Moshi ukatanda.

"Zima!" fundi akapiga kelele kutoka nyuma yake.

Hakugeuka. Fundi akachomoa waya.

"Mbona unazima?" mume wangu akashangaa. "Hazijapasuka bado!"

Mungu wangu! Nilishika kichwa.

"Mashine ni nzima," fundi akaniambia taratibu. "Mwenzio hasikii vizuri."

Nikakaa chini. Miezi yote hiyo nilimnunia! Nilidhani ananidharau, kumbe hanisikii.

Fundi akamweleza uso kwa uso. Mume wangu alitukodolea macho, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nilidhani ninyi ndio mmeanza kunong'ona," akasema, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alisema kelele za mashine za kusaga nafaka, alikofanya kazi miaka mingi, zimemuumiza masikio. Mtu akianza kusikia kwa shida, apimwe mapema, asingoje. Akampa kifaa cha kusikia.

Siku hizi tunakaanga wawili. Mimi nasikiliza, yeye anatazama rangi na saa. Kahawa inatoka vizuri, na mgahawa umeongeza oda. Mashine ni ileile. Wateja wakizidi uwezo wake, hapo tutanunua kubwa.

Asubuhi ya kwanza alipovaa kifaa chake, nilikuwa nagomba peke yangu jikoni kuhusu makapi sakafuni. Nikasikia mlango. Amesimama pale, mdomo wazi.

"Mke wangu! Kumbe kila siku unagomba hivi?"

Nilimkumbatia, nikalia kwa furaha.