Pambano la Nne Halina Mshindi

"Nani kaumia?" muuza dawa aliuliza, akimsogezea fungu la pamba na kichupa cha spiriti.

"Deki," Kalamu akajibu.

Muuza dawa akacheka peke yake. Kalamu hakuwa na kicheko cha kumgawia mtu siku hiyo. Jua lilikuwa limebakiza kipande chekundu juu ya mabati ya soko, na tangu saa tisa alikuwa akivutana na kanda moja ya video isiyotaka kutazamwa. Alizifunga pamba na spiriti kwenye ncha ya khanga, akarudi dukani mbio mbio.

Jina la Kalamu alilipata hapo hapo dukani, kwa sababu ya kazi yake. Bosi alikodisha kanda, na kila Jumapili alionyesha moja ukumbini, watu wakijaa hadi madirishani. Kanda nyingi zilikuwa kuukuu, sauti imekufa, kwa hiyo Mzee Radi alikaa kando ya kioo na maiki akaitia sauti yake. Lakini macho ya Mzee Radi nayo yalikuwa yameanza ukungu. Ndiyo maana Kalamu aliitazama kila kanda kabla, akamwandikia kwa herufi kubwa: nani anaingia, nani anapigwa, dakika ya ngapi, nani kashinda. Akimaliza, sheria ya duka ilikuwa kuirudisha kanda nyuma na kuisoma karatasi kwa sauti sambamba na picha. Waliita kupima mdomo.

Safari hii ilikuwa mieleka ya zamani, ya kabla Kalamu hajazaliwa. Bosi aliikuta ndani ya boksi alilonunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

"Sikiliza, binti," Bosi alikuwa amemwambia asubuhi. "Karatasi ikikamilika, pambano la mwisho kesho unatangaza wewe. Kwa maiki. Ikiwa na tundu hata moja, maiki anachukua mpwa wangu."

"Huyo asiyejua kusoma saa?"

"Huyo huyo."

Kalamu aliacha shule kidato cha pili, katikati ya muhula, daftari la jiografia likiwa nusu tupu. Shangazi yake, fundi cherehani, alijitahidi mpaka akashindwa. Tangu hapo kila kitu katika maisha ya Kalamu kilikuwa kinakatikia njiani. Maiki hiyo aliitaka kama mtu aliyezama anavyotaka pumzi.

Dukani hapakuwa na mtu. Bosi alikuwa ukumbini anapanga viti. Kalamu alipita pazia lililotenga duka na chumba cha nyuma, chumba kisicho na dirisha, chenye meza, televisheni, deki na kiti kimoja. Akafungua deki, akavisugua vichwa kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha akaisoma tena karatasi yake, kuanzia juu.

PAMBANO LA KWANZA. Bwana Harusi na Msumari. Dakika nane. Bwana Harusi anaingia na koti jeupe, ua kifuani. Anatumia dakika tatu kuvua koti. Msumari anamsubiri kama mtu wa foleni ya maji. Koti likishatoka, anabwagwa mara moja, anahesabiwa tatu. Mshindi Msumari. Sijui alivua la nini.

PAMBANO LA PILI. Mwalimu wa Zamu na Fundi Gereji. Dakika sita. Mwalimu ana kiboko, anamkagua mwenzake kucha kwanza. Hapa watu watacheka, mzee uwaachie nafasi. Mwamuzi akigeuka, kiboko kinafanya kazi. Mshindi Mwalimu, kwa wizi wa wazi.

PAMBANO LA TATU. Mabwana wawili wanene. Dakika kumi na saba. Wamekumbatiana. Mzee, hapa simulia hali ya hewa.

PAMBANO LA NNE. Hanamgongo na Tingatinga. Dakika kumi na moja. Mshindi

Baada ya hapo karatasi ilikuwa tupu.

"Leo utasema tu," Kalamu aliiambia deki, akabonyeza.

Kwa haki, hilo ndilo lilikuwa pambano zuri kuliko yote, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hanamgongo alikuwa mwembamba, mrefu, kaptura nyeusi, ngozi inang'aa kwa dawa ya kuchua. Jina lake lilieleweka upesi: kila aliporushwa alitua kwa magoti, kwa viganja, kwa ubavu. Mgongo wake haukugusa turubai kamwe. Tingatinga, bonge la mtu, alimrusha kila upande mpaka akaanza kuhema. Halafu, dakika ya kumi na moja, akamnyanyua juu ya kichwa, akambwaga.

Mgongo. Mabega yote mawili. Chini.

Mwamuzi akajitupa magotini, akainua mkono kupiga turubai mara tatu; bega moja likiinuka kabla ya tatu, hesabu hufa.

"Moja!" Kalamu akahesabu naye, kama kazi ilivyotaka. "Mbili..."

Chenga.

Kioo kizima kikajaa chenga, vidoa vyeupe kwa vyeusi. Zilipoondoka, pambano la tano lilikuwa limeshaanza, na nusu ya viti vya watazamaji vilikuwa vitupu.

"Aaa, jamani!"

Akarudisha nyuma. Moja, mbili, chenga. Akaitoa kanda, akaipuliza, akaipiga piga kiganjani, akairudisha. Moja. Mbili. Chenga. Kichwa kilikuwa kinawaka moto. Watu wazima wote wale, ukumbi mzima, na hakuna aliyeona umuhimu wa kurekodi nani kashinda!

Mara ya tatu hiyo ndipo alipoona kitu. Mwanzo, Hanamgongo alipobwagwa, uso wake ulikuwa umeelekea kamba za ulingo. Hilo alilikumbuka, alikuwa amelinukuu pembeni. Sasa uso ulielekea watazamaji.

Macho yamechoka, akajiambia. Akarudisha tena.

Moja. Mbili.

Sasa uso ulimwelekea yeye. Midomo ilicheza polepole, kama ya mtu anayeomba maji.

Na chumbani pakaanza kunuka. Kwanza alidhani ni spiriti. Lakini spiriti hunuka mara moja ikapotea. Hii ilikuwa kali, nzito, inauma puani...

Dawa ya kuchua.

Kalamu hakuwa mwoga wa kukurupuka. Alikuwa na hasira tu, na hasira humfanya mtu asione mbali. Aliiacha kanda ikijirudisha nyuma, akachukua simu, akampigia Mzee Radi.

"Mzee, shikamoo. Pambano la nne kwenye ile mieleka, nani alishinda? Wewe enzi hizo ulikuwepo."

"Marahaba. Mieleka gani, mwanangu? Mimi nimeona mieleka mingi kuliko wali."

"Hanamgongo na Tingatinga."

Mzee Radi, ambaye sauti yake ilisikika hadi barabarani bila maiki, sasa alinong'ona.

"Kanda hiyo kaitoa wapi bosi wako?"

"Kwenye boksi. Nani alishinda?"

"Andika droo. Zima. Nenda nyumbani."

"Siwezi kuandika droo, mzee, si kweli! Mabega yako chini, na mimi natakiwa karatasi isiyo na tundu. Sema tu."

"Hakuna aliyeshinda. Hesabu haikuisha. Nilikuwa nakata tiketi mlangoni. Yule kijana alikwenda kwa mganga, akaomba asipigwe kamwe. Akafungwa dawa: hakuna mdomo utakaomhesabu tatu. Na kweli, miaka minne hakuhesabiwa. Siku ile Tingatinga alimvunja shingo. Alikufa pale pale. Mwamuzi akafika mbili, mkono ukabaki juu. Alisema kuna mtu alimnong'oneza sikioni kwamba anayemalizia ndiye atakayebeba."

"Atabeba nini?"

"Hakuuliza. Wewe ungeuliza? Tulimtoa kwa machela. Amekufa, mwanangu, amekuwa wa baridi, lakini kila tukimlaza chali..." Sauti ikapotea, ikarudi. "Kila tukimlaza chali, bega moja linainuka. Tulimzika kwa ubavu."

Kalamu alitaka kusema kwamba mzee anapiga chuku, kama kawaida yake. Akageuka kuitazama televisheni. Kanda ilikuwa imemaliza kurudi na kuanza kucheza yenyewe. Dakika ya kumi na moja.

Tingatinga alinyanyua mikono mitupu juu ya kichwa.

Akabwaga hewa.

Akajilaza juu ya turubai tupu, akiikandamiza kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka. Mwamuzi akapiga magoti, akahesabu mahali pasipo na mtu.

"Mzee," Kalamu alinong'ona. "Hayupo kwenye picha."

"Ulikuwa unahesabu kwa sauti?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Ukaishia mbili."

"Kanda ndiyo iliyoishia mbili!"

"Mara ngapi?"

"Nne, tangu nisafishe deki."

Alisikia kiti cha mzee kikianguka upande wa pili. "Toka humo! Usiseme ya tatu. Toka!"

Simu ikakatika. Mlango wa kutokea ulikuwa upande wa dukani. Kufika huko ilibidi kupita pazia.

Nyuma ya pazia kitu kizito kilianguka sakafuni.

Pu.

Kisha kiganja kikaanza kupiga saruji, polepole.

Pa.

Pa.

Kikanyamaza.

Pazia lilikuwa fupi, liliacha uwazi wa kiganja kimoja juu ya sakafu. Katika uwazi ule Kalamu aliona mabega mawili yanayong'aa mafuta, yamelala chali. Bega la kushoto likainuka, likatetemeka, likaanguka. Likainuka tena. Kama mtu aliyechoka kuliko awezavyo kuchoka mtu aliye hai.

"Malizia..."

Sauti ilikuwa kavu, bila pumzi ndani yake.

"Sikuja kukudhuru, dada. Malizia."

Kalamu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga meza. Angeweza kufumba macho akaruka. Hatua tatu tu, na mlango huo hapo. Lakini mkononi alikuwa bado ameishika karatasi, na jicho lake likaangukia lile neno, Mshindi, na weupe uliolifuata.

Ndipo, katikati ya hofu yote, hasira ikampanda upya. Aliwaona wote: mwamuzi na mkono wake hewani, watazamaji waliotoka kabla ya mwisho, wakubwa waliomzika mtu kwa ubavu wakaenda kulala. Kila mmoja alifika mbili akaona inatosha. Naye alikuwa ameishi na mbili za watu tangu alipokabidhi sare ya shule.

"Na wewe nawe," alisema, machozi yakimtoka, "ulikwenda kwa mganga ya nini? Si ungepigwa tu kama wenzako?"

Bega likainuka. Likaanguka.

"Nilikuwa mdogo," sauti ikasema.

Nyuma yake, kwenye kioo, mwamuzi alikuwa ameganda na mkono juu. Hapakuwa na chenga. Picha ilikuwa inasubiri.

Kalamu akafumba macho.

"Tatu."

Hakuna kilichopasuka. Hakuna taa iliyozimika. Upande wa pili wa pazia ilitoka pumzi moja ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo wa kuni aliokuwa nao tangu mbali... kisha harufu ikaondoka. Aliposogeza pazia kwa ncha ya kidole, sakafu ilikuwa kavu. Akarudi mezani. Akaandika: Mshindi Tingatinga, kwa hesabu ya tatu. Tundu halikuwepo tena.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Ilipofika dakika ya kumi na moja ya pambano la nne, picha ilipita safi, bila chenga hata moja. Mwamuzi alipiga ya tatu, akainua mkono wa Tingatinga, na watu waliokuja kutazama wakapiga makofi. Hakuna aliyejua kulikuwa na tatizo. Mzee Radi aliisoma karatasi hadi mwisho kwa sauti iliyopwaya, akamkabidhi Kalamu maiki bila kumtazama usoni.

Pambano la tano alilitangaza yeye. Aliwachekesha, akawanyamazisha, akawainua vitini. Bosi alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Binti, maiki ni yako," alimwambia baada ya watu kutawanyika. "Kila Jumapili."

Shangazi alimshonea gauni jipya kwa furaha. Usiku huo Kalamu alijilaza chali kitandani, amechoka, mikono chini ya kichwa, akiyasikia bado makofi. Usingizi ulipoanza kumvuta, chini ya kitanda, juu ya saruji...

Pa.

Akafumbua macho.

"Moja," mtu akasema. Haikuwa sauti ya Hanamgongo. Ilikuwa ya mtu mtulivu, asiye na haraka.

Kalamu alishtukia bega lake la kushoto limeshainuka lenyewe. Hesabu ikakoma.

Tangu hapo hulala kwa ubavu, mto mgongoni. Alikwenda kwa Mzee Radi kumuuliza ni kitu gani hasa alichokibeba, na mzee akamwambia kwamba mwamuzi yule alikufa akiwa hajui, na yeye hajui, na amsamehe. Basi. Jibu la nusu, kama yote aliyowahi kupewa.

"Mbona unalala kama mtu anayetaka kuamka?" shangazi humuuliza.

"Nimezoea, shangazi."

Lakini mtu aliyelala hawezi kujilinda asigeuke. Mara nyingi, akigeuka chali, husikia ya kwanza tu akawahi. Jumapili iliyopita walionyesha kanda mbili mfululizo. Alirudi nyumbani hana sauti, hana miguu, akalala kama gogo. Aliamka bega lake likiwa bado linapanda, na kiganja kule chini kilikuwa kimeshapiga mara mbili.