Kibodi Tatu Zilizokufa

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia karakana ya mjomba wake, fundi wa kompyuta. Alifagia vipande vya nyaya sakafuni, kisha akaketi kujifunza kazi. Kaka zake walimwita Mjuaji, na jina lilimkaa sawasawa. Ungemuuliza jambo lolote duniani, asingekosa jibu.

Siku hiyo kulikuwa na kompyuta ya maktaba ya shule mezani. Ilitumia mfumo wa Linux, ambao Mjuaji hakuwa ameuzoea. Badala ya kubofya picha, mtu huandika amri kwenye skrini nyeusi.

"Weka programu ya kusomea vitabu. Amri ni hii hapa kwenye karatasi, na neno la siri liko chini yake," mjomba alisema. "Ukifanikiwa, nitamwomba mwalimu wa maktaba akuachie wewe uitunze kompyuta hii muhula mzima. Una swali?"

"Sina, Mjomba. Mbona rahisi!"

Kumbe maswali alikuwa nayo tele. Aliitamani sana kazi ile, akaogopa kwamba akiuliza ataonekana hafai.

Mjomba akatoka kidogo. Mjuaji akaandika amri, na herufi zikatokea vizuri. Kompyuta ikaomba neno la siri. Akabonyeza herufi ya kwanza, kimya. Akabonyeza kwa nguvu, hata nukta haikutokea. Akachomeka kibodi nyingine, nayo ikagoma palepale. Ya tatu vilevile. 

Mara mwalimu wa maktaba akaingia. "Haya, fundi, tayari?"

"Bado, Mwalimu. Kibodi yenu ni mbovu."

"Alaa! Basi ni wale wa darasa la nne. Juzi niliwakuta wakiigombania. Kuanzia kesho hawakanyagi maktaba!"

Mjuaji akaona aibu hadi masikio yakamwaka. Watoto wale hawakuwa na kosa lolote, na mjomba alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni akisikiliza. 

"Mwalimu, tafadhali usiwafungie. Sijui kama ni mbovu. Nikiandika neno la siri halionekani, nami niliona haya kumuuliza Mjomba."

Mjomba akacheka mpaka akaegemea mlango. "Linaandikwa, mwanangu, ila halionyeshwi, ili mtu aliye nyuma yako asijue hata lina herufi ngapi. Andika lote, halafu bonyeza kitufe cha Enter."

Mjuaji akafanya hivyo. Skrini ikajaa mistari, na programu ikaanza kuingia.

"Mimi nilipoanza, niliifungua kibodi nzima nikaosha vitufe kwa sabuni," mjomba akaongeza. Mwalimu naye akashindwa kujizuia, akacheka.

"Basi kazi nimeikosa?" Mjuaji akauliza kwa sauti ndogo.

Mjomba akaketi karibu naye. "Kutojua si kosa. Kosa ni kuficha kwamba hujui, mpaka lawama ikawaangukia wasiohusika. Swali moja tu lingetosha."

Mwalimu akamgeukia Mjuaji. "Namhitaji mtu anayeweza kusema hajui, hata mbele ya mwalimu," alisema. "Jumatatu uje mapema. Utaanza kwa kuwafundisha wale wa darasa la nne, na kila watakachouliza, uwajibu bila kuwacheka."