Paka Saba kwa Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, cherehani ya mama ilikuwa imeshaanza kulia katika chumba cha mbele. Baba, fundi bomba, alikuwa akitafuta soksi zake. Bibi alikunywa dawa na kulalamika kwamba ni chungu. Binti wa miaka kumi na mmoja alifunga kamba za viatu vya shule. Na paka saba walipita katikati ya miguu ya watu wote.

Ndiyo, saba. Usicheke. Walianza na mmoja tu.

Panya walikuwa wakitafuna vitambaa vya wateja, ndipo mama akapewa paka jike mwembamba. Akamwita Sindano. Panya wakahama. Kisha bibi akaokota paka jike aliyenyeshewa na mvua, akamwita Kofia. Baadaye baba alimtoa paka dume ndani ya bomba kubwa huko kazini, akarudi naye kwenye mfuko wa spana. Huyo akaitwa Bomba. Bomba na Sindano hawakuchelewa kuzoeana. Wakazaliwa wanne: Kifungo, Uzi, Pindo na Zipu. Binti akatangaza kwamba wote ni wanawe.

Nyumba ilijaa vicheko. Ilijaa manyoya pia, na harufu. Wenyewe walishaizoea, hawakuisikia tena.

Jumatatu moja alikuja matroni wa zahanati. Mama alikuwa amemshonea makoti ya wauguzi, meupe pe. Matroni akalifungua koti la juu, akakunja uso.

"Fundi, hili koti limekojolewa na paka."

"Haiwezekani, dada yangu!"

"Nusa mwenyewe."

Mama akanusa. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mkono wako ni mzuri sana," matroni akasema. "Lakini siwezi kumvalisha muuguzi koti hili. Nakupa wiki tatu ushone mengine. Yakinuka tena, nitatafuta fundi mwingine. Utanisamehe."

Kazi ile mama alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Siku hiyo hakushona tena. Alikaa tu, mikono mapajani.

Jioni baba akapandisha sauti. "Watoke wote! Kesho nawatia kwenye gunia, nawapeleka sokoni wakajitafutie."

"Hata Bomba?" binti akauliza.

Baba akakohoa. "Bomba... Bomba tutamfikiria."

"Ahaa!" bibi akasema. "Wako afikiriwe, Kofia wangu atiwe guniani?"

Kelele zikavuka ukuta. Jirani yao, daktari wa mifugo, alikuwa akianua nguo. Akaja na beseni lake la nguo mkononi.

"Jamani, kuna nini?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Daktari akaketi.

"Gunia liwekeni kwanza," akasema. "Paka wa nyumbani akitupwa, anateseka kwa njaa na maradhi. Tena ataendelea kuzaa huko huko. Hebu niambieni, nani anawalisha?"

"Mimi," mama akasema.

"Mimi," bibi akasema.

"Ni mimi!" binti akasema.

Baba akatazama dari. "Huwa nawapa kidogo tu, kabla sijatoka."

Daktari akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe wanakunywa chai mara nne! Ndiyo maana Pindo ameumuka kama mkate. Sasa mbona Sindano mbavu zinahesabika?"

Wote wakatazama sinia moja la chakula. Wenye nguvu walikula mara nne. Sindano alisukumwa pembeni kila mara, na hakuna aliyeona. Mama aliumia moyoni.

"Na choo chao anasafisha nani?"

Wakatazamana.

"Wana choo?"

"Kuna beseni moja la mchanga, nyuma ya mlango," binti akanong'ona.

"Beseni moja, paka saba! Nyinyi mngekubali? Paka akikuta choo kichafu, anatafuta mahali pengine, penye ulaini. Hapa kwenu pako wapi?"

Mama akageuka polepole kutazama kikapu cha vitambaa. "Makoti yangu!"

"Tena dume asiyehasiwa hurusha mkojo ili kuonyesha kwamba hapa ni pake. Paka wakibanana, mambo yanazidi."

"Basi tutajie namba, daktari," baba akasema. "Paka wangapi wanatosha?"

"Hakuna namba moja ya kila nyumba. Mama, mteja akija, unakata kitambaa kwanza au unampima?"

"Nampima, bila shaka!"

"Basi ipimeni nyumba. Kila paka na beseni lake la mchanga, halafu moja la ziada. Yawe mbali na chakula. Kila paka na sahani yake na mahali pa kujificha. Kisha jiulizeni: nani atasafisha kila siku? Chanjo na dawa za minyoo tutazimudu? Na wao kwa wao wanapatana? Jibu moja likiwa hapana, mmezidisha."

Mama akaitoa futi ya kupimia shingoni. Wakapima korido, jiko na ua. Binti akaandika. Pakapatikana mahali patatu tu.

"Mabeseni matatu, paka wawili," binti akasema kwa sauti ndogo.

Bibi akamkumbatia Kofia.

"Ngojeni," baba akasema. Akatoka uani, akalisukuma tangi kuukuu lisilotumika, akang'oa bomba lake. Alirudi ameloa jasho. "Pa nne hapo!"

"Basi watatu," daktari akasema.

Paka wakubwa watatu walipatana vizuri, kwa hiyo walibaki. Binti akalia, wala hakujificha. "Na wanangu je?"

"Wameshatimiza miezi sita, wanaweza kuhama," daktari akasema. "Wewe ndiye utakayewatafutia nyumba. Uliza maswali haya haya. Asiyeweza kujibu, asipewe."

Wiki ile paka wote walipelekwa kliniki kwa daktari. Madume wakahasiwa, majike wakafungwa kizazi, wote wakachanjwa. Mama na bibi wakaosha chumba cha mbele kwa maji na siki. Baba akafunga mlango wa wavu, paka wasiingie penye cherehani. Kusafisha mabeseni kukawa kwa zamu, na baba hakusamehewa zamu yake. Sindano akapata sahani yake peke yake, akaanza kunenepa. Uzi na Pindo wakachukuliwa na mwalimu, Kifungo akaenda kwa muuza viatu. Zipu alibaki, maana binti aliwakataa watu watano.

Baada ya wiki tatu, matroni akarudi. Akalinusa koti la kwanza, la pili, mpaka la mwisho.

"Yananukia sabuni," akasema. "Fundi, na mashuka ya zahanati ushone wewe."

Mama akapiga kigelegele. Matroni akacheka, kisha akamwona Zipu mikononi mwa binti.

"Mrembo huyu mnampa nani? Mimi kwangu sina paka."

Binti akafungua daftari lake. "Shangazi, una vyumba vingapi? Nani atasafisha beseni ukiwa kazini? Utampeleka chanjo kila mwaka?"

"Makubwa haya! Nimekuja kukagua makoti, sasa nakaguliwa mimi!" Lakini alijibu swali moja moja, amesimama wima kama mwanafunzi. Vyumba viwili. Mdogo wake yupo nyumbani kutwa. Chanjo, bila kukosa.

Binti akaweka alama tatu daftarini.

"Umefaulu," akasema. Akambusu Zipu kichwani, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akakimbia kumwita baba na bibi waje kuaga.