Aya Aliyoifuta Avner

"Avi, nitazame usoni. Nani ameandika hii?"

Peninah Gorelik aliitupa ripoti ya kamati ya chuo mezani, juu ya rundo la kurasa zilizokuwa zikisubiri kusahihishwa. Avner Lifshin akajifanya anahangaika na kifungo cha koti.

"Kamati," akasema.

"Kamati haina mkono. Kalamu inashikwa na mtu."

"Tulikuwa watano. Kila mmoja alitia neno lake."

"Kurasa kumi na nne! Orli amekaa mbele yenu saa nzima na dakika ishirini, analia, halafu humu hamna hata mstari wake mmoja? 'Tofauti za kawaida za maoni baina ya wanafunzi.' Mlango wa mtoto wa watu umechorwa alama ya Manazi, nyie mnaita maoni?"

"Nilipinga, Peninah. Wakanizidi kura."

Uongo ulimtoka laini kama siagi. Peninah alimkazia macho kitambo, kisha akachukua kalamu nyekundu na kurudi kwenye kurasa zake.

"Haya. Kama umesema hivyo."

Peninah alikuwa mhariri wa *Mtende*, jarida la wanawake wa Kiyahudi wanaopigania haki za wanawake. Lilitoka mara tatu kwa mwaka, kutoka vyumba viwili juu ya duka la dobi, hapo Boston. Jina walilitoa kwa Debora wa kwenye kitabu cha Waamuzi, aliyekuwa akiamua kesi za watu chini ya mtende. Miaka minne nyuma Avner, mhadhiri wa sosholojia, alileta makala yake pale. Peninah alimrudishia nusu imekatwa. Akaenda kulalamika, wakanywa kahawa, akatoka na namba ya simu. Sasa harusi ilikuwa imepangwa Juni, kadi zimeshatumwa, vazi limeshashonwa.

Ukweli wa ripoti ile Avner aliujua vizuri, maana mkono ulioiandika ulikuwa wake. Februari, mkuu wa kitivo alimwita ofisini.

"Avner, wewe mwenyewe Myahudi. Ukiandika wewe, nani atasema tumeficha kitu?"

"Lakini ushahidi wa yule binti, bwana..."

"Mzito, najua. Ndiyo maana utawasha moto. Andika kwa utulivu. Faili lako la ajira ya kudumu linafika mezani kwangu Aprili, na mimi napenda watu watulivu."

Orli Westreich alikuwa na miaka ishirini. Chama cha wanawake pale chuoni alikianzisha yeye na wenzake wawili. Wenzake haohao ndio waliomwambia aje mkutanoni bila nyota ya Daudi shingoni, au asije kabisa. Akakataa. Wiki haikuisha, mlango wa chumba chake ukachorwa. Alipokuwa akiyasimulia mbele ya kamati, Avner ndiye aliyemsogezea boksi la karatasi laini afute machozi. Na Avner huyohuyo, alipofika nyumbani, aliifuta aya yake yote. Alijiambia kwamba akishapata ajira ya kudumu atakuwa na sauti, na hapo ndipo atawapigania akina Orli wote.

Wiki tatu baada ya mabishano ya pale ofisini kwa Peninah, walialikwa chakula cha Sabato kwa Fruma, shangazi yake Peninah.

"Mkwe, unakula samaki wangu kama unameza dawa!" Fruma akamchokoza. "Zoea mapema. Ukimwoa huyu, umenioa na mimi na sufuria zangu."

Wakacheka. Orli alikuwepo pia, Peninah ndiye aliyemleta. Alikuwa akiumega mkate vipande vidogo vidogo bila kuula.

"Nahama chuo," akasema ghafla. "Baba anakuja kunichukua Jumapili."

"Mwanangu, hao washenzi ndio wanafaa kuhama, si wewe," Fruma akasema.

"Nimechoka, shangazi." Akamgeukia Avner. "Profesa, nilitaka kukushukuru. Siku ile niliogopa sana, ila nikikutazama wewe najisemea, angalau mmoja wetu yumo humu ndani."

Avner akaweka uma chini.

"Niliomba faili langu," Orli akaendelea, akatoa karatasi kwenye mkoba. "Karani kanitumia mpaka rasimu, nadhani kwa bahati mbaya. Rasimu ya kwanza nimo. Halafu mtu kanipiga mstari, kaandika pembeni, 'Ondoa hii, italeta maneno.' Sitaki kesi. Nataka tu kujua ni yupi kati ya wale watano."

Peninah aliipokea ile karatasi. Mwandiko ule alikuwa nao sandukuni, barua za mapenzi zaidi ya thelathini. Aliisukuma taratibu mpaka ikafika mbele ya sahani ya Avner.

"Mwambie, Avi. Usinifanye niseme mimi."

"Peninah..."

"Mwambie."

"Ni mimi," Avner akasema. "Orli, ni mimi."

"Ee Mungu wangu," Fruma akanong'ona. "Mezani pangu."

Orli hakulia. Alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Na zile karatasi za kufutia machozi, profesa? Zilikuwa za kazi gani?"

Avner alinyanyuka akatoka, Peninah akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Utalichapisha jambo hili?" Avner akauliza.

"Yaani swali lako la kwanza ni hilo? Hujaniuliza mimi nina hali gani. Hujauliza yule mtoto ana hali gani."

"Naogopa tu..."

"Nitauchapisha ushahidi wake wote, neno kwa neno. Na nitaandika kwamba aliyeufuta alikuwa mchumba wangu. Wasomaji wangu siwafichi." Akaivua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Avner na kukifumba kidole kimoja kimoja. "Nenda nyumbani, Avi."

Avner alituma ujumbe asubuhi, mchana na jioni.

"Nilikuwa mwoga. Naomba nikuone hata dakika tano."

"Peninah, nakupenda. Sikulala."

Siku ya tano likaja jibu moja.

"Mapenzi yako sina shida nayo. Ukiweza kusema ukweli mahali utakapokugharimu, sema. Si kwangu mimi."

Mwezi uliofuata, baraza la chuo lilipokutana, Avner alisimama. Mkuu wa kitivo alimpa ishara akae, hakukaa. Aliisoma aya aliyoifuta, toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya niliyafuta mimi, kwa kuwa nilitaka kazi." Ripoti ikafunguliwa upya, kikundi kilichochora mlango kikajulikana. Faili la Avner halikupita, na mwaka wa masomo ulipoisha mkataba wake nao ukaishia hapo.

Orli hakuwepo kusikia. Avner alimwandikia, naye akajibu kwa mstari mmoja: "Nimesoma. Umechelewa."

Juni ikapita bila harusi. Septemba, siku chache kabla ya Siku ya Upatanisho, ambapo kila mtu humwendea aliyemkosea, Avner alipanda ngazi za *Mtende*. Peninah alikuwa amekonda. Akamfungulia, akasimama palepale mlangoni.

"Nimekuja kuomba msamaha. Sikuja kwa kingine."

"Nilishakusamehe, Avi. Zamani."

"Basi kwa nini..."

"Subiri. Na mimi nina langu." Peninah akashusha pumzi. "Ile rasimu niliiona mwezi wa pili, kwako, chini ya kikombe cha kahawa. Mstari na maneno yako ya pembeni. Nilipokuuliza nani kaandika ripoti, nilikuwa najua. Ukanidanganya, nikashukuru kudanganywa. Wiki tatu nzima nikanyamaza, kwa sababu ya vazi, kadi, na shangazi anayenisubiri niolewe. Orli aliamua kuondoka ndani ya wiki hizo tatu. Ningefungua mdomo, pengine angebaki."

Avner alishika ukingo wa mlango.

"Wewe?"

"Mimi. Ninayewafundisha wanawake wasinyamaze. Nimeshamwambia Orli. Na toleo lijalo naliandika hilo, kwa jina langu."

"Basi sote wakosaji," Avner akasema, machozi yakimlenga. "Tuanze upya, Peninah. Nani atatuelewa kama sisi wenyewe?"

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Tutaelewana mno. Tutasameheana asubuhi na jioni, mpaka tusahau nani tulimkosea." Akamgusa shavu. "Nilikupenda vibaya sana, Avi. Ungeniambia ukweli siku ile, au ningekuambia mimi, leo tungekuwa kwenye mwaka wetu wa kwanza wa ndoa."

"Najua."

"Nenda salama."

Akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza, kama mtu aliyekwisha kumuaga mgeni. Avner alisimama nje muda mrefu, akitamani lau angeubamiza.